Kisanduku na Sanadi

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutafuta, wala havilingani. Anayetafuta amepoteza kitu au ana haja nacho. Anayepekua ana shaka na mwenziwe. Anayedodosa anajua kwamba jibu lipo, ila mwenye nalo hapendi kulitoa; na anayesaka hufuata kinachokimbia. Anayeuliza, yeye, sharti amkabili mtu, amwamkie kwanza, kisha ndipo aseme lililomleta. Vitenzi vyote hivi, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi sasa, vimeingia katika kisanduku kimoja chembamba kilichowekwa katikati ya ukurasa mtupu, na vijana wetu wakishindwa na jambo huambiana kwa neno moja tu: ligugo. Kampuni yenye kisanduku hicho, Google, iliundwa Marekani mwaka 1998 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, na jina lake wakalinyofoa katika jina la namba ya wanahisabati: moja ikifuatiwa na sufuri mia. Kwa mtu wa mashairi, aliyezoea kuhesabu mizani nane na kurudi mwanzo, hiyo ni hesabu ya kutisha kidogo.

Ukitaka kujua kisanduku hicho kilipata wapi nguvu zake, msomaji mpenzi, jibu lake halitakuwa geni kwako kama ulilelewa katika pwani hii na kukaa mbele ya mwalimu wa chuo. Waasisi wale waliona kuwa ukurasa mmoja unapouelekeza ukurasa mwingine, ni kama unautolea ushahidi. Wakaandika hesabu ya kuzipima shahada hizo: ukurasa unaoelekezwa na wengi una uzito, na unaoelekezwa na wale ambao wenyewe wanaelekezwa na wengi una uzito zaidi. Wanazuoni wetu wanayo elimu inayofanana na hiyo, nayo ni kongwe kwa karne nyingi. Habari ikipokewa, hutazamwa imepokewa kwa nani, naye kaipokea kwa nani, mpaka mwanzo wake. Mnyororo huo ndio sanadi. Tafauti ni kwamba wanazuoni hawakutosheka na kuhesabu. Walimchungua na mpokezi mwenyewe: alikuwa mkweli, kumbukumbu zake zilikuwa timamu, alipata kweli kukutana na huyo anayesema kamsikia? Hesabu ya kampuni haikuwa na macho ya kuona hayo. Iliwaona wanyooshao vidole tu, ikawahesabu.

Siandiki kuilaumu. Mimi ni mmoja wa watu waliolishwa na kisanduku hiki, na aliyelishwa hatukani chungu. Skuli niliiacha mapema. Kiingereza nilikipata kwa redio, kwa kamusi iliyong'oka jalada, na kwa kufasiri kisha kufasiri tena yale yale. Chuo kikuu nimekipita nje ya uzio wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa tukilipa kwa dakika katika mikahawa ya intaneti ya mjini Unguja, ukurasa ukifunguka taratibu mithili ya pazia lililokwama, kwani nyaya zipitazo chini ya bahari hazikufika pwani yetu mpaka mwaka 2009, na kabla ya hapo takriban kila neno letu lilipanda kwenye satelaiti kisha likashuka. Hata hivyo nilikuwa nikienda na orodha ya maswali niliyoyaandika nyumbani, nikihofia dakika zisije zikanimalizikia nami bado nawaza la kuuliza.

Kilichonibadilishia maisha zaidi ni vitabu. Mwaka 2004 kampuni ilitangaza kwamba itapiga picha kurasa za vitabu vya maktaba kubwa: Harvard, Michigan, Stanford, Bodleian ya Oxford, na maktaba ya umma ya New York. Waandishi wa Marekani waliishtaki mwaka 2005, kesi ikaburuzwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza rufaa yao, ikabaki hukumu kwamba kupiga picha na kuonyesha vipande ni matumizi ya haki. Mwaka 2019 kampuni ilisema imeshafikisha vitabu zaidi ya milioni 40, katika lugha zaidi ya 400.

Kwa mtu wa kisiwani, maana ya tarakimu hizo ni hii. Baadhi ya vitabu vya mwanzo vilivyochapwa kwa lugha yetu viliondoka hapa vikiwa bado ni sauti, vikaenda kupata karatasi kwengine. Hadithi alizozikusanya Edward Steere hapa Unguja zilichapwa London mwaka 1870. Mashairi na habari alizozikusanya Büttner zilitoka Berlin mwaka 1894. Kwa miaka mingi mtu wa Unguja aliyetaka kuyaona maneno ya wazee wake jinsi yalivyochapwa mara ya kwanza alihitaji pasipoti, au rafiki mwenye subira na mashine ya kunakili. Leo baadhi ya kurasa hizo zinamjia mtu mkononi, na mara nyengine zinamjia pamoja na kitu ambacho hakikukusudiwa: kidole. Waliokuwa wakifungua kurasa mbele ya kamera walikuwa watu, siku nzima wakifunua, na hapa na pale kamera ikawahi kabla ya mkono kuondoka. Unasoma kitabu cha zaidi ya karne, mara pembeni kinatokea kidole kilichovikwa kifuko cha mpira cha waridi, kimegandamiza ukingo wa ukurasa. Kuna watu waliokusanya picha za vidole hivyo kama sanaa. Mimi kila nikikutana nacho husita kidogo. Mwenye kidole hicho naye ni mpokezi; kitabu kimepita mkononi mwake kabla ya kunifikia mimi, na jina lake hakuna aliyeliandika.

Si yeye peke yake asiyetajwa. Katika kitabu cha Steere, ukurasa wa mbele unasema hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Wenyeji, basi, kama vile kisiwa kizima kilikaa kitako kikasimulia kwa mdomo mmoja. Au chukua *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Sehemu kubwa ya kitabu kile imetoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafia Ujerumani mwaka 1927. Jina lililotangulizwa kitabuni ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya, na kutoka hapo likaingia katika kadi za maktaba, na kutoka kwenye kadi likaingia katika mashine. Kisanduku hakikuzua kosa hilo. Kimelirithi, na urithi wake una kasi: kosa ambalo zamani lilikaa kwenye kabati moja sasa linajibu popote linapoulizwa.

Kuna na mpaka mwengine ambao wengi hawaujui. Kitabu kilichopigwa picha hakifunguki sawasawa kwa kila mtu, kwani sheria ya hakimiliki hutazama msomaji yuko nchi gani. Marekani, kitabu kilichotimiza miaka 95 tangu kuchapwa huwa ni mali ya umma, na aliye huko hufunguliwa chote. Nchi nyingi nyengine huhesabu tangu kufa kwa mwandishi, na pale ambapo tarehe hiyo haikuthibitika, tahadhari hushinda, msomaji akaonyeshwa jalada tu au vipande vya mistari mitatu mitatu. Basi hutokea kwamba maneno yaliyochukuliwa midomoni mwa watu wa pwani zaidi ya miaka mia iliyopita yanasomeka yote na mtu aliyeko Chicago, ilhali mjukuu wa msimuliaji, aliyekaa hatua chache na pale yaliposimuliwa, anachunguliwa ufa wa mlango. Mawakili wataeleza kwa nini, na maelezo yao ni sahihi. Jambo laweza kuwa sahihi na bado likakaa vibaya kooni.

Sasa nije kwenye kazi inayonipa mkate. Kiswahili kiliingia katika chombo cha kufasiria cha Google mwaka 2009, miaka mitatu baada ya chombo chenyewe kuanza. Kuanzia mwaka 2016 kampuni ilibadilisha namna ya kufasiri, ikaacha kuunga vipande vya sentensi na kuanza kuitazama sentensi nzima, kwanza kwa lugha chache kisha kwa nyingi, na Juni 2024 ikaongeza lugha 110 kwa mkupuo, karibu robo yake zikiwa za Afrika. Yapo makampuni mengine yenye mashine za namna hiyo, na mfasiri anayesema hazimhusu anajidanganya mwenyewe. Wateja hawaniletei tena Kiingereza. Wananiletea Kiswahili kilichokwishafanywa, wakiomba "nikipitie".

Shirika moja, ambalo sitalitaja, liliniletea kijikaratasi cha maelekezo kwa wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki. Kilikuwa kimefasiriwa na mashine, ya nani sikuambiwa wala sikuuliza. Sentensi zilikuwa zimenyooka. Sarufi haikuwa na la kusema. Lakini wakulima walikuwa wakielekezwa wakakague kamba zao wakati wa "mawimbi ya majira ya kuchipua". Kwa Kiingereza maji makubwa huitwa kwa neno ambalo pia ni jina la msimu wa machipuko huko Ulaya, na mashine ikachagua msimu. Nilikichukua kijikaratasi nikaenda nacho kwa bibi mmoja wa Jambiani, aliyeanza kulima mwani tangu mradi huo ulipoingia mwaka 1989. Nikamsomea. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Majira gani hayo, mwanangu?" akauliza. "Sisi tuna kusi na kaskazi, tuna masika na vuli. Hayo mengine yameingia lini?"

Nikamweleza kilichokusudiwa. "Aa," akasema, "bamvua! Si waseme bamvua?" Kisha akanihesabia, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, bahari inapojitenga mbali na vigingi vyote vikabaki wazi, na baina yake maji mafu, ambapo hakuna kazi ya kwenda kufanya huko. Kijikaratasi kile, kama kingechapwa kilivyo, kingewaambia wanawake wale wangojee msimu usiofika kisiwani mwao. Neno bamvua limo kwenye kamusi zetu. Lakini nyaraka za ofisini ambazo mashine hujifunzia hazina haja nalo, kwani huandikwa na watu wasioingia baharini. Kiswahili cha mashine ndiyo hicho: kimevaa suti, viatu vikavu.

Yako na mambo madogo yanayowahusu wapenzi wa mashairi. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil walikijaribu chombo cha Google kwa lugha 12 zisizotenganisha mume na mke katika kiwakilishi, Kiswahili kikiwamo. Waliandika sentensi za namna ya "yeye ni mhandisi", wakaona chombo kinapendelea mno kuzigeuza kuwa za mwanamume, hasa katika kazi za sayansi na ufundi. Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ilianza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa baadhi ya lugha, Kituruki kikiwa katika za mwanzo. Ni hatua njema. Lakini nikumbushe kwamba sisi wafasiri wenye roho nasi tunabanwa pale pale. Shairi la mapenzi la Kiswahili huweza kwenda beti kumi na mbili bila ya kusema mpendwa ni nani, na watunzi wetu wamejificha humo kwa raha zao tangu zamani. Mwenye kuimbiwa anajijua. Ukilipeleka Kiingereza unaulizwa mlangoni: ni mume au ni mke? Mimi hukaa siku mbili na swali hilo. Mashine haikai. Hutazama wengi wamesema nini, ikapita.

Ramani nizitaje kwa ufupi. Mji Mkongwe umejaa vichochoro ambavyo kuta zake ndefu huyumbisha mawimbi ya satelaiti, na ile nukta ya buluu ya kwenye simu huruka kutoka msikiti huu mpaka nyumba ile kama kunguru asiyejua atue wapi. Wageni huonekana wamesimama njia panda, simu imeinuliwa juu. Mwisho hugeuka kwa mzee aliyekaa barazani, naye kabla ya kuwaelekeza huwauliza wanatoka wapi. Wao hudhani ni udadisi. Mzee anapima tu: mtu wa kuambiwa "pita pale palipokuwa na mkunazi" ni mwengine, na wa kuambiwa "kata kushoto" ni mwengine.

Lililonikalia moyoni kwa muda mrefu ni badiliko la karibuni zaidi. Kampuni hii imeanzisha mengi na kuyafunga mengi. Kati ya 2002 na 2006 ilikuwa na huduma ambayo mtu aliuliza, akalipa, na mtafiti mwenye damu na nyama akamjibu, ikafungwa. Chombo cha kusomea habari kilichoitwa Reader kilidumu kutoka 2005 hadi 2013. Hayo ni ya biashara. Lakini kuanzia mwaka 2024, kwanza Marekani kisha katika nchi nyengine, juu ya orodha ile tuliyoizoea kilianza kuwekwa kifungu cha maelezo kilichotungwa na mashine yenyewe kutokana na kurasa ilizozisoma. Viungo vya kurasa hizo vimewekwa pembeni kwa anayetaka kuvifuata. Orodha ya zamani, pamoja na ila zake zote, ilikuwa ni orodha ya wasemaji: huyu kasema hivi, yule kasema vile, chagua wewe utakayemwamini. Kifungu kipya kinasema tu. Sauti ni moja, imetulia, haina pumzi, na masikio yanayoisikia yanalewa haraka.

Kwa ushairi wetu hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Tunamjua Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Hakuchapisha diwani. Mashairi yake yalikuwa yakizagaa vichwani mwa watu hadi pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Karatasi hizo zikaishia London, William Hichens akazitolea diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akaja na kitabu chake mwaka 1979. Mnyororo huo una watu, na kila mmoja ana mkono wake katika kile tunachokisoma. Bila ya Sikujua tungekuwa na jina la Muyaka na mistari ya kuokoteza. Lakini mtu akitaka kujua Muyaka ni nani, aghalabu huambiwa habari za Muyaka tu. Sikujua ni kidole kilichobaki pembeni mwa ukurasa.

Haya nilikuwa nikiyawaza kama mtu awazavyo mambo ya kidunia, mpaka yalipofika nyumbani kwetu.

Shangazi yangu yupo Pemba, upande wa kaskazini, naye ameshavuka miaka themanini. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa chuo na mtunzi, na alimwachia daftari nene la skuli, la mistari, limejaa mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: yake mwenyewe, na ya watu wengine aliyoyapenda akayanakili. Mwaka juzi nilikwenda kumzuru pamoja na mpwa wangu, kijana hodari anayesoma mambo ya kompyuta. Alipoliona daftari akatoa simu.

"Bibi, haya tuyapige picha tuyaweke mtandaoni. Yatatafutika dunia nzima."

"Yatatafutika?" shangazi akasema. "Kwani mimi nimepotelewa?"

Kijana akacheka, kisha akamweleza vizuri, kwa heshima: karatasi inaliwa na mchwa, nyumba huungua, na mtu hafi na daftari lake. Shangazi hakubishana na hayo. Akauliza kitu kimoja. Mtu atakayeyaona huko mbali, atajuaje yametoka kwa nani? Kijana akasema jina la marehemu litaandikwa juu. "Hayo ya kwake," akasema shangazi. "Na haya ya watu?" Akaanza kufunua. Hili alilipata kwa nahodha fulani, walipokwama pamoja bandarini kungojea upepo. Hili alilileta mwanafunzi wake, naye alilisikia kwa bibi yake. Hili limeandikwa mara mbili kwa sababu wapokezi wawili walitafautiana katika ubeti wa mwisho, naye marehemu hakuthubutu kuchagua. Hakuna hata moja katika hayo lililoandikwa daftarini. Lote lilikuwa kwake, kichwani, na kijana akaishusha simu.

Tulikaa siku nne. Mimi nikawa nasoma kwa sauti, shangazi akisahihisha, na mpwa wangu akiandika kwa herufi za Kirumi. Wanaojua maandishi yetu ya zamani wanajua kwamba herufi moja ya be hubeba kazi ya b, ya p, na hata ya mb. Msomaji huamua kwa kuwa keshalisikia. Katika shairi moja la marehemu, la fumbo, ubeti wa tatu unamtaja mmoja anayekuja usiku kukizunguka chombo. Neno limo katikati ya kipande, hapana kina cha kulishurutisha. Laweza kusomwa papa, laweza kusomwa baba. Nikasimama. Maana zote mbili zilikubali, na shairi zima likageuka kila nilipogeuza.

"Ni lipi, shangazi?"

"Yote mawili," akasema. "Mbele za watu alikuwa akitamka papa, wakacheka, kwani ni shairi la wavuvi. Humu ndani akitamka baba. Babake alitoka na ngalawa, hakurudi."

Mpwa wangu aliinua macho kutoka kwenye kioo cha simu. Vidole vilikuwa tayari, na kwenye kibodi p ni p na b ni b. Akauliza aandike ipi. Kwa muda hapana aliyemjibu. Nilikuwa nikifikiri juu ya yule mtu aliyekaa na fumbo lake mkononi miaka yote ile, akilipisha mbele ya wenziwe kwa kicheko, na juu ya herufi iliyomsitiri, nukta moja tu chini yake. Kuliandika neno lile kwa namna ya kutafutika ni kumchagulia. Ukiandika papa umemfanya mzaha. Ukiandika baba umemtoa hadharani na kilio ambacho alikuwa akikilia ndani ya nyumba yake. Ubeti wa tatu tuliuacha wazi siku ile. Baadaye, nilipolinakili safi, neno hilo moja nililiacha katika herufi zake za Kiarabu, katikati ya mstari wa Kirumi. Chombo chochote cha kutafutia kitalipita bila ya kujua kuwa ni samaki au ni mzazi, na anayetaka kulitamka itambidi amtafute mtu.

Shangazi alikubali maandishi yatoke, kwa sharti moja: chini ya kila shairi paandikwe limepokewa kwa nani, naye kalipokea kwa nani, kadiri anavyokumbuka, na pasipojulikana paandikwe kuwa hapajulikani. Mpwa wangu, ambaye ameshafahamu zaidi ya tulivyomfundisha, alitengeneza safu maalumu ya majina, kiasi kwamba mtu anaweza kumtafuta mpokezi kama anavyomtafuta mtunzi. Mashairi ni 61. Sanadi tulizipata zote isipokuwa moja, ya shairi la arusi ambalo marehemu alilipata kwa fundi cherehani aliyehamia kijijini mwao kutoka Tumbatu. Jina la fundi lilimtoka shangazi. Alijisumbua nalo siku nzima ya mwisho, akatutajia mtaa, mti uliokuwa mbele ya nyumba, rangi ya baiskeli, ila jina halikuja. Tukaandika: fundi wa Tumbatu.

Zikapita wiki tatu. Alfajiri moja, sijatoka msikitini, simu ikalia. Hakuniuliza hali. Akalitaja jina la fundi, na la babake fundi, mara mbili ili nilishike, akakata. Nikatoa kalamu nikaliandika kwenye kiganja.

Sijafika nyumbani ikalia tena.

"Na mkewe," akasema shangazi. "Muandike na mkewe. Fundi alikuwa akimwandikia tu. Mimi shairi nililisikia kwa yule mwanamke."